Bustani ya mboga nyumbani kwa mbegu za asili: mwongozo kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mtu akitaka kuanzisha bustani ya mboga Dar es Salaam, swali lake la kwanza huwa eneo: ua wangu ni mdogo, patatosha? Kwa anayetaka kupanda mbegu za asili kuna swali linalotangulia hilo: ni shina lipi nitaliacha lisiliwe? Bustani ya namna hii inadaiwa vitu viwili kwa pamoja, mboga ya jioni ya leo na mbegu ya msimu ujao, na vyote hutoka kwenye shina lilelile. Shina lenye majani mapana ndilo mkono unalokimbilia wakati wa kuchuma, na ndilo linalostahili kubaki.

Wengi huchuma yaliyo bora, kisha hukusanya mbegu kwenye masalia yaliyodumaa pembeni. Misimu mitatu minne ikipita wanasema mbegu za kienyeji zimechoka, wanarudi dukani. Mbegu haikuchoka, ilichaguliwa kinyume. Kwa hiyo unaposoma hatua zinazofuata, kumbuka kwamba kulima kwenyewe ni sehemu nyepesi. Nitatumia maneno mengi zaidi kwenye kuchagua, kukausha na kuhifadhi, kwa sababu hapo ndipo bustani nyingi za mjini hukatikia.

1. Jua unachotafuta

Mbegu ya asili ni ile ambayo ukiipanda, ukavuna mbegu zake na kuzipanda tena, watoto hurudi na sura ya mama. Imepita mikononi mwa watu kizazi hadi kizazi, ikazoea mahali na mapishi ya mahali hapo. Mbegu chotara, ambayo paketi yake huandikwa F1, ni matokeo ya kukutanisha wazazi wawili tofauti. Kizazi cha kwanza hulingana na kuzaa vizuri. Kizazi cha pili hutawanyika: shina moja refu, jingine fupi, tunda hili kubwa, lile dogo na chachu. Sina ugomvi na mkulima wa biashara anayenunua chotara kila msimu. Ila ukitaka bustani inayojitolea mbegu yenyewe, iache paketi ya F1 palepale dukani.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau: mbegu zilizotolewa na watafiti au kampuni lakini si chotara. Nyanya ya Tengeru 97, iliyotoka kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha Tengeru, Arusha, ni mfano. Bamia ya Clemson Spineless na hoho ya California Wonder pia zimo humo. Si mbegu za mababu zetu, lakini ukizitunza hazibadiliki, na zinapatikana kwenye maduka ya pembejeo Kariakoo. Ukikosa nyanya ya kienyeji ya kuanzia, anza na hizi bila kusita.

2. Pata mbegu, kisha zipime

Chanzo bora ni mtu, na mara nyingi ni mama au bibi. Ukienda kijijini Rufiji, Handeni, Morogoro au popote ulikotoka, uliza mbegu kabla hujaomba mchele wa kurudi nao. Hapa mjini, wakulima wa mboga wa mabondeni na pembezoni, kuanzia Kinyerezi hadi Bunju na Kigamboni, wengine hujitunzia mbegu zao za mchicha na mnavu. Salimia kwanza, nunua fungu, kisha uliza: “Shikamoo mama, mbegu ya mchicha huu unaitoa shambani kwako au unanunua?” Akisema anaitoa mwenyewe, muombe akuachie mashina machache yakomae, nawe umlipe kwa ajili hiyo. Uliza na namna anavyoupanda, maana maelezo yake ni nusu ya mbegu. Kwenye maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, Morogoro, kila mwanzoni mwa Agosti, pia unaweza kukutana na wakulima wenye mbegu za asili.

Vipi kuhusu sokoni? Kunde kavu na choroko za gengeni huota, mradi hazijaparazwa wala kutiwa dawa ya ghalani. Kasoro yake ni kwamba hujui kama kunde hizo ni za majani mengi au za punje. Nyanya kubwa zenye ganda gumu zinazosafirishwa kwa matenga zinaweza kuwa chotara, hivyo usijenge bustani juu yake. Nyanya ndogo za kienyeji, zile za mviringo zenye uchachu mkali, zinafaa zaidi kujaribiwa.

Mbegu yenye rangi ya waridi, buluu au kijani kibichi isiyo yake imepakwa dawa. Iweke mbali na watoto na kuku, na iliyobaki isiliwe kamwe.

Kabla ya kupanda, zipime. Hesabu mbegu 20, zitandaze juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kikunje, kiweke kwenye bakuli lenye mfuniko mahali penye kivuli. Kunde huchipua ndani ya siku 3 au 4, mchicha karibu hivyohivyo, bamia hadi wiki (iloweke usiku mmoja kwanza), nyanya siku 6 hadi 8, nyanya chungu inaweza kupita siku 10. Zikichipua 16 na zaidi, panda kwa kawaida. Zikichipua 10, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya 5, tafuta nyingine, isipokuwa kama ni mbegu adimu, ambayo utaisia yote kwa uangalifu ili uihuishe.

3. Anza na mboga zinazolijua joto la pwani

Kwa mwaka wa kwanza ningependekeza kunde, bamia, nyanya chungu, mchicha na nyanya ndogo. Kunde na nyanya hujichavusha zenyewe, yaani chavua (unga wa ua) huishia ndani ya ua lilelile la mmea, kwa hiyo mbegu zake haziharibiki kirahisi hata kama jirani ana aina nyingine. Bamia na nyanya chungu hujichavusha kwa sehemu kubwa, ingawa nyuki huchanganya kidogo. Mchicha unahitaji uangalizi zaidi, lakini unaanza kuliwa ndani ya wiki 3 hadi 4, na mtu anayeanza anahitaji kuona sahani yake ikijaa mapema.

Matembele na kisamvu havihitaji mbegu. Omba marando ya matembele na mashina ya muhogo kwa jirani, kata vipande vya urefu wa sentimita 25 hivi, fukia pingili mbili tatu, na mwaka mzima hutakosa mboga.

Mumunye, maboga ya kienyeji, fiwi na mbaazi viache msimu wa pili. Ni hazina ya pwani, na mumunye hasa anasikitisha, kwa sababu vijana wengi wa mjini hawajawahi hata kumwonja. Lakini anatambaa sana na anataka utaalamu kidogo wa uchavushaji, nitakaoueleza chini.

Sukuma wiki, kabichi, karoti na vitunguu unaweza kulima na kula, ila usitegemee mbegu. Mimea hiyo huhitaji wiki kadhaa za baridi ili itoe maua, na baridi hiyo Dar haina.

4. Panga msimu ukianzia mwisho

Huu ndio ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wa udongo. Dar ina masika, takriban Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Wengi husubiri mvua ndipo wapande, na kwa kula tu hakuna ubaya. Kwa mbegu, jiulize kwanza: matunda na vichwa vya mbegu vitakomaa lini? Vikikomaa mvua ikinyesha, vitaota ukungu au vitachipua vikiwa bado juu ya shina.

Kwa hiyo sia miche kitaluni mwezi Mei, masika yakipungua, na uihamishie bustanini Juni. Juni hadi Septemba upepo wa kusi unavuma, usiku unapoa, mvua ni chache, nawe unamwagilia kwa kipimo chako mwenyewe. Nyanya hupenda kipindi hiki, maana usiku wenye joto la Januari na Februari hufanya maua mengi yadondoke bila kushika tunda. Mbegu zitakomaa Agosti na Septemba, miezi ambayo jiji letu lina hewa kavu kidogo. Mchicha na kunde unaweza kuziongeza tena vuli kwa ajili ya majani peke yake.

5. Mahali, udongo, maji

Chagua sehemu inayopata jua kwa muda wa saa sita kila siku. Mchicha na matembele huvumilia pungufu ya hapo.

Udongo wa sehemu kubwa ya Dar ni kichanga. Maji hupita na mbolea huondoka nayo. Kwa tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, changanya ndoo tatu hadi nne za lita 20 za mboji au samadi iliyooza, kwa kina cha jembe. Mbolea ya kuku wa nyama inapatikana kwa wingi na ina nguvu, lakini ikiwa mbichi huunguza mizizi. Ilundike, iloweshe, ifunike, uigeuze mara moja kwa wiki, na usiitumie kabla ya wiki 6. Ikiwa bado ina joto ndani au harufu inayochoma pua, subiri.

Asiye na ardhi atumie viroba, ndoo zilizopasuka, mabeseni na matairi. Toboa chini, weka kokoto, jaza mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo kwa moja ya mboji. Ndoo ya lita 20 inabeba shina moja la nyanya au nyanya chungu, au mawili ya bamia. Usichukue udongo karibu na gereji ya zamani, jalala, wala kandokando ya mitaro na Mto Msimbazi. Maji ya mitaro yasimwagiliwe mboga kabisa: hubeba vimelea na madini mazito, na majani ya mboga huyapokea.

Suala la maji ya kisima lina uzito wake hapa mjini. Visima vingi vina chumvi. Mwaga kidogo kwenye sahani nyeusi uyaache yakauke juani: yakiacha utando mzito mweupe, yatasumbua miche michanga. Kitaluni tumia maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Mimea ikishakuwa mikubwa unaweza kutumia ya kisima, ukimwagilia kwa wingi mara chache kuliko kidogokidogo kila saa, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Maharage yatateseka mapema, kunde zitavumilia zaidi.

Tandaza nyasi kavu au majani makavu juu ya tuta, unene wa sentimita 5. Kwa mchanga wetu, matandazo yana thamani kuliko mbolea ya ziada.

6. Kusia na kupandikiza

Kunde na bamia hupandwa moja kwa moja bustanini, mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3, kisha ubakize mche mmoja wenye nguvu. Kunde ziachane sentimita 20 kwenye mstari, bamia 30 hadi 40.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mifereji ya kina kifupi, funika kwa udongo mwembamba kama wa kufunika tu rangi yake. Usifukie sana, zitafia chini.

Nyanya na nyanya chungu zianze kitaluni. Funika kitalu kwa makuti yaliyoinuliwa juu ya vijiti, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo asubuhi na jioni. Miche ikifika majani manne matano ya kweli, wiki ya 4 au ya 5, punguza makuti na maji taratibu kwa wiki nzima ili iizoee hali ya jua. Ipandikize jioni. Nyanya ziachane sentimita 50 hadi 60, nyanya chungu 60 na zaidi. Weka vijiti kwa nyanya mapema.

7. Wadudu, kwa ufupi

Kuku wa jirani ni adui wa kwanza, hivyo zungushia wigo kabla ya kusia. Wadudu mafuta na inzi weupe hukaa chini ya majani, wapukute kwa maji ya sabuni ya kipande yaliyo mepesi, jioni, kila baada ya siku chache. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha yakichujwa husaidia kuzuia wadudu wanaotafuna. Kantangaze, yule kiwavi anayechora njia nyeupe ndani ya jani la nyanya, hufichwa ndani ya jani na dawa hizi hazimfikii vizuri: ondoa majani yaliyoathirika kila siku, yafunge kwenye mfuko uyaweke juani. Ukiona mizizi ina vinundu, ni minyoo fundo, na hapo usirudishe nyanya, bamia wala nyanya chungu msimu unaofuata.

8. Chagua mashina ya mama mapema

Sasa tumefika kwenye kiini. Usingoje mwisho wa msimu ndipo uangalie kilichobaki. Pita bustanini mara kwa mara tangu mimea ikiwa michanga, na kabla hujaanza kuchuma kwa nguvu, funga kitambaa chekundu kwenye mashina uliyoyachagua. Kisha iambie nyumba nzima. “Dada, yale yenye kitambaa chekundu tusiyachume, ni ya mbegu.” Waambie watoto na wageni wanaozoea kujichumia. Bila tangazo hilo, mama wa mbegu ataishia sufuriani kabla hujarudi kazini.

Unachagua nini? Inategemea mboga.

Mchicha: chagua unaochelewa kutoa maua. Hapa ndipo watu hukosea bila kujua. Shina linalowahi kuchanua ndilo linalowahi kutoa mbegu, na kwa kuwa mbegu zake zimetangulia, mtu anafurahi na kuzikusanya. Msimu hadi msimu anajichagulia mchicha unaokimbilia maua na kumpa majani kidogo. Ng’oa ule unaowahi, acha wenye subira.

Kunde za majani: chagua linalotambaa na kurudisha majani haraka baada ya kuchumwa, lenye majani laini. Majani yenye mabaka ya kijani na njano yaliyojikunja yana ugonjwa wa virusi, na baadhi ya virusi vya kunde husafiri ndani ya mbegu. Shina hilo lisitoe mbegu hata kama limezaa sana.

Bamia: shina lisilo na miiba mingi, linalozaa tangu chini, lenye bamia ambazo hazikomai haraka na kuwa ngumu. Likishachaguliwa liache lizae mbegu tu. Bamia ukiliacha na maganda yanayokauka, hupunguza kuzaa mapya, kwa hiyo huwezi kulifanya la mboga na la mbegu kwa wakati mmoja.

Nyanya chungu: tunazila zikiwa nyeupe au za kijani, na wakati huo mbegu zake bado changa. Kwa mbegu, tunda libaki kwenye shina hadi liwe jekundu kabisa na kuanza kulainika. Wanaolalamika kwamba mbegu za nyanya chungu haziwaotei, uliza walizitoa kwenye tunda la rangi gani.

Nyanya: tunda lililoivia kwenye shina, kutoka shina zima lenye afya. Tunda moja kubwa kwenye shina dhaifu lisikuvute.

Idadi nayo ina maana. Kwa nyanya na kunde, mashina matano au sita ya mama yanatosha nyumba. Kwa mchicha, chukua kutoka mashina 20 au zaidi, maana mbegu ikitoka kwa mama mmoja tu kila mwaka, uzao hudhoofika.

9. Zuia mchanganyiko

Chavua ya mchicha hubebwa na upepo, ingawa shina hujichavusha pia. Palilia mchicha pori na mchicha wa miiba kuzunguka nyumba kabla haujachanua, na panda aina moja tu ya mchicha kwa msimu unaotaka mbegu. Ukiweza kuwashawishi majirani wawili watatu wapande aina ileile, mtakuwa mmemaliza tatizo na mtapata mashina mengi ya mama kwa pamoja. Bamia na nyanya chungu vilevile: aina moja kwa bustani moja.

Maboga na mumunye ndiyo yenye kazi. Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi: boga halichanganyiki na tango, wala tikiti na mumunye. Boga huchanganyika na boga la jamii yake. Mumunye, kwa upande wake, ni jamii moja na kibuyu cha kutengenezea vyombo, na huko ndiko kwenye hatari. Mumunye aliyechanganyika na kibuyu anaweza kuzaa matunda machungu yenye sumu inayosababisha kutapika na kuhara vibaya. Onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi kabla ya kupika. Kikiwa kichungu, tema, tupa tunda, ng’oa shina, na usitunze mbegu yake. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Njia ya kuwa na uhakika ni kuchavusha kwa mkono. Ua jike lina kijitunda chini yake, dume lina kikonyo kitupu. Boga huchanua alfajiri, na katikati ya asubuhi maua yameshajifunga. Kwa hiyo jioni tafuta maua yatakayofunguka kesho, ncha zake zimeanza kupata njano, uyafunge kwa uzi, jike na dume. Alfajiri, kabla nyuki hawajaanza kazi, chuma dume, bandua petali zake, fungua jike, paka chavua katikati yake, kisha lifunge tena jike kwa uzi na uweke alama kwenye kikonyo. Mumunye hana ratiba hiyo: maua yake ni meupe na hufunguka jioni, kwa hiyo yafunge mchana na uchavushe jua likizama. Tunda lililochavushwa hivyo ndilo la mbegu, liache hadi ganda ligome ukucha, na baada ya kulichuma liweke ndani wiki 3 nyingine kabla ya kulipasua.

10. Kutoa na kukausha

Nyanya: kamulia mbegu na maji yake kwenye gilasi, funika kwa kitambaa, acha zichache siku 2. Kwa joto letu zisizidi 3, zitaanza kuchipua. Utando wa ute ukishaachia, jaza maji, koroga, mwaga zinazoelea, osha mara kadhaa, zitandaze kwenye sahani. Kwenye karatasi zitagandia. Nyanya chungu ikatwe, ipondwepondwe ndani ya maji, mbegu nzuri huzama.

Kichwa cha mchicha kiko tayari ukikipigapiga kiganjani na mbegu zinadondoka. Kikate, kitie ndani ya foronya, kining’inize kichwa chini kwa wiki moja, kisha fikicha na kupepeta kwa ungo. Bamia na kunde zikaukie kwenye maganda yake.

Kausha kivulini penye upepo. Juu ya bati au sakafu ya saruji saa saba mchana ni kuua mbegu, maana joto likipita nyuzi 35 sana, kiini huumia. Kila jioni ziingize ndani, kwa sababu umande wa usiku hurudisha unyevu wote uliouondoa mchana. Mbegu ya boga iliyokauka huvunjika ukiikunja, isiyokauka hupinda. Kunde ikigongwa kwa nyundo hupasuka vipande, isiyokauka hupondeka.

11. Kuhifadhi katika hewa ya Dar

Watu wa bara wanaweza kuning’iniza mbegu juu ya jiko na zikakaa mwaka mzima. Hapa pwani hewa yenyewe imejaa maji, na mbegu iliyo kwenye karatasi wazi itayanywa. Wataalamu wa mbegu wana kanuni mbili: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu, na kila nyuzi 5 za joto unazoshusha, maisha yake huongezeka takriban maradufu. Unyevu ndio wa kuushughulikia kwanza, na unahitaji mchele tu.

Kaanga mchele mkavu kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo, hadi ubadilike rangi kidogo. Ukiwa bado wa moto, uweke kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko unaokaza, uache upoe humo. Ukishapoa kabisa, weka mbegu ndani ya kitambaa chepesi au bahasha ndogo, uzito wa mchele uwe angalau mara mbili ya mbegu, funga. Mchele uliokauka hivyo utafyonza unyevu wa mbegu. Baada ya wiki 2 hamishia mbegu kwenye chupa nyingine kavu, uifunge vizuri. Usifanye hivyo kwa mbegu ambazo bado mbichi, zikaushe kivulini kwanza.

Kunde hushambuliwa na wadudu wadogo wanaotoboa punje, ambao mayai yao tayari yako kwenye punje. Zikishakauka vizuri, ziweke kwenye friza siku 4 au 5 ndani ya chupa iliyofungwa. Asiye na friza achanganye kunde na majivu yaliyochekechwa, kiasi sawa kwa sawa.

Friji inafaa kwa mbegu zilizokwisha kukauka. Ukiitoa chupa, usiifungue mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo hewa ya nje itageuka matone juu ya mbegu. Usipokuwa na friji, tafuta kona yenye giza na baridi, kwa mfano chini ya kitanda upande usiopigwa na jua.

Andika kwenye kila chupa jina la mboga, jina la mahali au la aliyekupa (“Mchicha wa Mama Zuhura, Kinyerezi”), mwezi na mwaka wa kuvuna, na alama yoyote uliyoiona: huchelewa kuchanua, majani mekundu chini. Gawa akiba yako mara mbili na uweke nusu kwa ndugu au jirani anayelima, ili panya, mafuriko au kuhama nyumba kusikuachie chupa tupu. Ukifikia kutaka kuuza mbegu, fika kwanza TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, maana biashara ya mbegu nchini inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003.

Mwishoni mwa Septemba, toa mbegu 20 kutoka kila chupa na urudie kile kipimo cha kitambaa. Zilizo chini ya nusu zisie zote vuli hii, kabla hazijaisha nguvu. Zilizobaki zirudishe kwenye chupa kavu hadi Mei.